Maksai Aliyesifiwa kwa Makosa

Mzee Kwaza hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kwa mapenzi ya barua hakuna aliyemfikia pale bondeni. Gari la posta likifika dukani kwa Mzungu, yeye alikuwa ameshafika, amejifunga blanketi lake la rangi ya udongo mwekundu, kiko mdomoni, anauliza kama mtu asiyejali: "Kuna chochote cha kutoka Qonce?" Kikiwepo, alikishika mkononi njia nzima hadi nyumbani, na alipita njia ndefu ili watu wengi zaidi wamwone.

Aliyemwandikia ni mwanawe, Lubelwana. Wamisheni walimbatiza jina la Josaya, wakamsomesha, wakamtoa mtu wa kola na kofia nyeusi, na sasa alikuwa mhariri wa gazeti la Ikhwelo huko mjini Qonce, gazeti la lugha yetu wenyewe. Mzee yeye alikataa ubatizo na alikataa suruali. Kwa hayo mawili baba na mwana walishagombana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kuandikiana. Ajabu ni kwamba kwa barua walielewana kuliko walivyowahi kuelewana wakila chungu kimoja.

Mwandishi wa mzee alikuwa binti yake Nokwindla, mjane aliyerudi kwao, ambaye misheni ilimpa kusoma na kuandika kabla ya kuolewa. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi.

"Andika," mzee humwambia. "Mwanangu, ulisema herufi za gazeti ni vipande vya risasi. Nani anavipanga?"

"Baba, hilo uliliuliza barua iliyopita."

"Na hakunijibu nikaridhika. Andika tena. Halafu muulize, wakishachapa, zile herufi zinakwenda wapi? Zinabaki na maneno yale yale, au zinasahau?"

Jibu lilikuja. Lubelwana alieleza kwamba kila wiki maneno huvunjwa, herufi hurudishwa kwenye visanduku vyake, na wiki inayofuata zile zile husema jambo jingine kabisa. Mzee alicheka hadi kiko kikazimika. "Kumbe ni kama madiwani wa chifu," akasema, na alirudia mzaha huo kwa kila aliyepita pale kwake kwa muda wa mwezi.

Basi hivyo ndivyo walivyoishi. Baba alipeleka habari za mvua, za mbuzi, za nani kaoa na nani kakimbiwa, na maswali yasiyokwisha. Mwana alipeleka majibu, tumbaku, na gazeti. Wangeendelea hivyo mpaka mmoja azikwe, isingekuwa habari ya Vuthela.

Vuthela alikuwa jirani, na zaidi ya jirani: yeye na Kwaza walikaa jando moja, wakapakwa udongo mweupe siku moja, na tangu hapo hawakuitana ila kwa majina ya heshima ya koo zao. Kwaza alimwita mwenzake Nojaholo, naye akaitwa Mtika. Na Vuthela alikuwa na kazi ambayo nchi nzima ilimjua kwayo. Kwetu, siku ya mbio, maksai hupelekwa mbali alfajiri, kisha hufukuzwa kurudi nyumbani, na mwisho wa njia husimama mtu mmoja. Huyo humtazama aliyetangulia, akainua fimbo, akamsifu maksai huyo kwa sifa zake zote. Aliyesifiwa ndiye mshindi, na hakuna rufani. Mtu huyo alikuwa Vuthela, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Sasa jioni moja wazee hawa wawili walikuwa wamekaa peke yao kwenye ukuta wa zizi la Kwaza, ng'ombe wao wanarudi. Vuthela akasimama ghafla, akainua fimbo, akaanza kumsifu maksai wake wa mbio, mwekundu mwenye mgongo mweupe. Alimsifu vizuri, kwa sauti nzito, toka kichwani hadi mkiani. Lakini aliyekuwa akija hakuwa mwekundu. Alikuwa maksai wa Kwaza, mweusi mwenye tumbo jeupe, na alipita karibu kiasi cha kuguswa. Kwaza alitazama uso wa rafiki yake, akatazama macho yake yaliyoingia ukungu, akaelewa. Alichukua kiko, akakijaza upya ingawa kilikuwa kimejaa.

Jambo hilo lilimkaba. Kumwambia Vuthela hakuweza, kumwambia mtu mwingine pale bondeni ilikuwa mwiko. Siku ya tatu akamwita Nokwindla na karatasi yake.

Nokwindla aliandika nusu, akasimamisha kalamu. "Baba, na hili liende?"

"Namwandikia mwanangu. Nimekwambia natangaza sokoni?"

Akaandika. Barua ikaenda Qonce.

Mimi wahariri sikosi usingizi kuwaonea huruma, lakini nitasema la haki: Lubelwana hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa siku ya kuchapa, mtu aliyeahidi makala juu ya ulevi hakuleta, na ukurasa wa tatu ulikuwa na nafasi tupu. Barua ya baba yake ilikuwa mezani, na akaisoma mara ya pili. Akaona itakuwa dhambi watu wengine wasiisome. Alifuta jina la Kwaza, akafuta la Vuthela, akafuta la mto na la duka, akaandika juu yake "Kutoka kwa Baba Mmoja", akawapa wapanga herufi. Roho yake ikatulia kabisa.

Jumamosi, dukani, Mwalimu Dyani wa misheni alisimama juu ya gunia la mahindi kama desturi yake, akawasomea watu gazeti. Kwaza alikuwepo. Vuthela alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Mwalimu akafika ukurasa wa tatu.

"'Rafiki yangu wa tangu ujana macho yake yanakufa, naye anaficha. Juzi jioni alisimama akamsifu maksai wake, yule mwekundu mwenye mgongo mweupe, ambaye pembe moja imemwinamia jichoni. Akamsifu mpaka mwisho. Na aliyekuwa akija ni maksai wangu, mweusi mwenye tumbo jeupe, pembe wazi. Sikusema neno. Niliona aibu mimi badala yake.'"

Sasa hapo ndipo mji ulipomharibu yule kijana. Mtu aliyechunga ng'ombe utoto wake wote, vipi asahau? Kwetu sisi ukifuta jina la mtu hujamficha hata kidogo. Majina yanafanana, kina Vuthela wako tele. Lakini taja rangi ya maksai wake wa mbio na mkao wa pembe zake, na hapo umemwita yeye, na baba yake, na kaburi la babu yake. Lubelwana aliwafuta watu akawaacha ng'ombe. Hakuna aliyekuwa dukani ambaye hakujua ni nani, hata wanawake waliokuja kununua shanga.

Mwalimu mwenyewe aling'amua katikati ya sentensi, akakunja gazeti kabla ya wakati.

"Soma tena, Mwalimu," Vuthela akasema.

"Mzee, tuendelee na bei za sufu..."

"Soma tena hapo pa pembe."

Akasomewa. Vuthela akatafuta fimbo yake kwa mkono, na safari hii watu wote walitazama jinsi mkono ulivyopapasa. Akasimama. "Haya, Mtika," akasema. "Nimesikia." Akatoka.

Tangu siku hiyo ukuta wa zizi ulikuwa na mtu mmoja. Kwaza alikaa pale jioni, akisikia watu wakipita barabarani wakijadili nani sasa atasimama mwisho wa mbio, maana mbio za baada ya mavuno zilikuwa zinakaribia na kipofu hawezi kuamua. Alikwenda kwa Vuthela, akaambiwa amelala. Akarudi kesho yake, akaambiwa bado amelala. Mzee alikonda. Maziwa ya mgando aliyoyapenda yalikaa kibuyuni hadi yakaharibika, na alimkosa rafiki yake waziwazi, bila haya, kama mtoto aliyeachwa na mama.

Kisha ikaja barua ya mjini, yenye furaha tele. Nokwindla akaisoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila mstari. "'Baba, wasomaji wameipenda barua yako kupita kiasi. Wananiandikia kutoka hata ng'ambo ya mto Kei. Niletee nyingine za aina hiyo.'"

Mzee akatema mate. "Mjibu kwamba..."

"Kwamba nini, baba?"

"Hakuna. Usimjibu."

Nokwindla akajibu kwa siri yake mwenyewe, na alimpasha kaka yake bila kumbembeleza. Barua ya pili ikaja haraka, imejaa samahani. Lubelwana alisema analia anapoandika. Alisema nafasi ilikuwa tupu. Alisema kwamba majina yote aliyafuta kwa mkono wake.

"Nafasi ilikuwa tupu," mzee akarudia taratibu. "Ingebaki tupu ingekuwaje? Shamba nalo hulazwa, na watu hawafi." Akakung'uta kiko. "Na eti alifuta majina. Huyu mtoto mimi nilimchungisha ng'ombe kweli, au nilikuwa naota?"

Lakini ule udadisi wake haukumwacha hata kwenye hasira. Siku chache baadaye akauliza, "Nokwindla, hivi gazeti hilo huandikiwa na yeyote?"

"Yeyote. Unaanza 'Mheshimiwa Mhariri', unaweka jina lako chini."

"Hata mtu wa blanketi?"

"Karatasi haioni blanketi, baba."

"Basi chukua kalamu. Mheshimiwa Mhariri. Mimi ni Kwaza, wa ukoo wa Jwarha. Barua uliyochapa ni yangu, na ina kosa. Aliyemsifu maksai asiye wake ni mimi. Nilimwona mwekundu wa Vuthela nikamsifu nikidhani ni mweusi wangu. Macho yanayokufa ni yangu. Niliona aibu, nikayageuza maneno. Vuthela anaona vizuri."

Kalamu ilikuwa imesimama zamani. "Baba, wewe unaona kupe juu ya mbuzi wa ng'ambo ile."

"Nimekuuliza habari za kupe?"

"Watakudharau. Watakuongoza kwa mkono."

"Waniongoze. Mimi nataka rafiki yangu." Akamsogezea karatasi. "Andika, mwanangu, kabla sijageuza nia."

Jibu la Qonce halikuja gazetini. Lilikuja kwa bahasha. Lubelwana aliandika kwamba gazeti lake halijawahi kuchapa uongo anaoujua, kwamba watu wanaliamini kwa sababu hiyo moja tu, na kwamba kama ni adhabu, baba amchagulie nyingine yoyote.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, na majibu yake yalikuwa mafupi. "Mheshimiwa Mhariri. Barua yangu ya kwanza sikuiandikia gazeti, ukaichapa. Ya pili nimeiandikia gazeti, unaikataa. Mimi mtu wa blanketi naomba unieleze utaratibu wenu."

Wiki iliyofuata barua ilichapwa, neno kwa neno, na jina la Kwaza chini yake. Wanaosema kwamba wahariri hawana moyo hawakumwona Lubelwana akiwapelekea wapanga herufi karatasi ile.

Watu waliamini. Kwa nini wasiamini? Nani atajisingizia upofu? Na hapo mateso ya Kwaza yakaanza. Vijana walimdaka kiwiko kila alipofika kijito ambacho alikivuka tangu hawajazaliwa baba zao. Kwenye pombe walimwekea kata mkononi na kumkunjia vidole. Wanawake walimsalimia kwa kupayuka, "Ni mimi, mama Nosamkele, nimesimama hapa," utadhani masikio nayo yameharibika. Alivumilia yote. Wazee wakakaa, wakasema wamemwonea Vuthela, wakamrudishia nafasi yake mwisho wa njia. Vuthela akakubali kwa kichwa. Kwa Kwaza hakwenda.

Ni siku mbili kabla ya mbio ndipo mzee alipoacha kula ghafla na kuweka kijiko chini. "Nokwindla, nimefanya nini mimi? Nimempa macho asiyonayo. Atasimama pale mbele ya nchi nzima, halafu?"

Nokwindla naye akaweka kijiko chake chini.

Asubuhi ya mbio, umande haujakauka, fimbo iligonga ukuta wa zizi. Vuthela alikuwa amesimama pale, amevaa blanketi lake jipya, uso umeelekea upande kidogo.

"Mtika."

"Nojaholo." Kwaza akanyanyuka upesi. "Nilikukosea. Jambo lile lilikuwa letu wawili, mimi nikalitoa nje. Hata kwa mwanangu sikupaswa kulitoa."

"Ngoja na mimi niseme," Vuthela akasema. "Jioni ile nilijua. Mweusi wako anaburuta kwato ya nyuma, nilimsikia kabla sijafika katikati ya sifa. Lakini ningenyamaza ningekuwa nimekiri, basi nikamaliza. Nikasubiri utasema nini. Hukusema kitu. Nikalala usiku ule nimetulia, nasema moyoni huyu ni mwenzangu. Halafu nikaenda dukani."

Kwaza akainamisha kichwa.

"Sasa umeiambia nchi nzima kwamba naona," Vuthela akaendelea. "Haya, vaa, twende ukanionee."

Watu walishangaa kuwakuta wamesimama pamoja mwisho wa njia. "Huyu namshika mkono," Vuthela akawaambia kwa sauti ya kutosha. "Haoni, masikini, ila amenililia anataka kusikia vumbi. Ningemkataliaje?" Watu wakamhurumia Kwaza. Kwaza akameza.

Vumbi likaonekana juu ya kilima, kelele zikapanda, wanawake wakaanza vigelegele. Kwaza alinong'ona bila kusogeza midomo. Kahawia wa watu wa mtoni ametangulia. Kahawia amechoka. Wanakuja wawili, wameacha wengine mbali. Kisha akanyamaza.

"Nani?" Vuthela akauliza.

Ni mwekundu na ni mweusi, pua kwa pua. Kwaza aliwaona vizuri kuliko mtu yeyote pale, na ulimi wake ulitaka kusema mwekundu. Alilitamani neno hilo kwa moyo wake wote. Lingemgharimu nini, maksai mmoja kushindwa siku moja?

Vuthela akamfinya kiganja. "Usinihurumie, Mtika. Uongo mmoja umetosha."

"Mweusi wangu," Kwaza akasema. "Kwa kichwa."

Basi Vuthela akainua fimbo, akamsifu maksai mweusi wa Kwaza mbele ya watu wote. Mweusi aliyevaa wingu tumboni. Mnywa-mto aliyewaachia wenzake matope. Mburuta-kwato anayeandika njia ili wa nyuma wasipotee. Alimpa sifa alizopewa na Kwaza, na zile Kwaza alizokwisha kuzisahau, na nyingine alizomtungia palepale, na hakukosea hata moja. Machozi yalimshuka Kwaza hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Masikini," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "ndiyo macho hayo yanamuuma."

Kesho yake Nokwindla alikuja na karatasi bila kuitwa. "Hili kaka lazima alisikie, baba. Tuanze. Mheshimiwa Mhariri..."

"Nani kakwambia Mhariri? Andika: Mwanangu." Mzee akavuta kiko. "Mbio zimekwisha. Mweusi ameshinda. Yaliyobaki ni mazuri kuliko yote niliyowahi kukuandikia, na siyaandiki. Njoo uyasikie."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Niongeze kwamba si ya gazeti?"

Mzee akaangalia ng'ombe. "Usiongeze," akasema. "Nataka nione."

Jumamosi iliyofuata alifika dukani mapema, akaketi nje kwenye benchi pamoja na Vuthela, mlango wazi, Mwalimu Dyani juu ya gunia lake. Mzee alisikiliza ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alisikiliza bei za sufu na tangazo la dawa ya kikohozi. Hapakuwa na barua ya baba yeyote. Mwishoni, Mwalimu akasema, pana nafasi wameiacha tupu, hajui ni kwa nini, labda mashine imeharibika.

Kwaza akashusha pumzi. Na ndipo alipoona, mbali sana, pale njia inapotokea nyuma ya mlima, farasi wa kukodi anayekuja kwa tabu, na juu yake mtu wa kofia nyeusi anayepanda vibaya, viwiko nje, jinsi alivyokuwa akipanda ndama utotoni na kupigwa kwa ajili hiyo. Akafungua kinywa, kisha akakumbuka kwamba yeye haoni, na benchi limejaa watu. Akainama kwenye sikio la mwenzake.

Vuthela alinyanyuka taratibu, akaweka kiganja juu ya nyusi, akaelekeza uso mlimani.

"Namwona mtu juu ya farasi," akatangaza. "Kule, penye mlima. Lubelwana yule, au nadanganywa na jua?"

Watu wakatoka dukani, wakakodoa macho, wasione kitu kwa muda, kisha wakaona. Wakamsifia Vuthela kwa macho yale, wakasema hata vijana hawana.

"Yuko wapi?" Kwaza akauliza, akitazama upande mwingine kabisa. "Jamani, nielekezeni, yuko wapi mwanangu?"